Nani Anachagua Kandida? Mapatano ya Genève na ya Nairobi

Kati ya tarehe 11 na tarehe 23 Novemba 2018 zilipita siku 12. Siku ya kwanza, katika mji wa Genève, inchi ya Uswisi, wakubwa saba wa upinzani wa Kongo walitia mkono chini ya karatasi moja: watakuwa na kandida mmoja tu wa kiti cha Prezida wa Jamhuri, naye ni Martin Fayulu. Siku ya mwisho, katika mji wa Nairobi, wawili kati ya wale saba, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe, walitia mkono chini ya karatasi nyingine: kandida ni Tshisekedi, Kamerhe atakuwa Waziri wa kwanza, na mwaka wa 2023 zamu itakuwa ya Kamerhe. Karatasi ya kwanza ilikufa kesho yake. Ya pili ilikufa polepole, bila matanga.

Huku Bukavu habari hizo hazikuwa za mbali. Kamerhe alizaliwa katika mji huu mwaka wa 1959, na katika Kivu ya Kusini watu wengi walimpigia kura mwaka wa 2011, wakiwemo Wakristu wetu. Kwa hiyo swali lililoulizwa mwaka ule, na linaloulizwa mpaka leo, liliwafikia makatekista na mapadri pia, maana watu hupenda kutuuliza sisi mambo ya ahadi na kiapo: mtu aliyetia mkono leo akauondoa kesho, amevunja neno? Na kama amelivunja, alilivunja kwa nani, kwa wenzake sita au kwa watu wake?

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuandiki kwa kumtetea mtu wala chama. Tunataka kuonyesha kwamba ugomvi ule haukuletwa na tabia za watu peke yake, kama wengi wanavyosema. Uliletwa kwanza na kanuni, na zaidi na ukosefu wa kanuni. Kwa kulielewa jambo hili lazima turudi nyuma miaka kadhaa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliweka uchaguzi wa Prezida wa duru mbili. Kandida asiyepata zaidi ya nusu ya kura alipaswa kurudi mbele ya watu pamoja na yule aliyemfuata. Ndivyo ilivyofanyika mwaka ule ule. Makandida walikuwa 33. Katika kura ya Julai Joseph Kabila alipata karibu 45 kwa mia, Jean-Pierre Bemba 20 kwa mia, mzee Antoine Gizenga 13 kwa mia. Wakati huo tu, Gizenga akapatana na Kabila. Kabila akashinda duru ya pili mwezi wa Oktoba, na Gizenga akawa Waziri wa kwanza. Watu wanaweza kuyapenda au kuyachukia mapatano yale, lakini yalikuwa na jambo moja zuri: yalifanywa baada ya wananchi kusema. Kila mmoja alijua uzito wake, kwa sababu mizani ilikuwa imekwisha kusoma.

Mwezi wa Januari 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi, Bunge lilibadilisha kifungu cha 71 cha Katiba. Duru ya pili ikafutwa. Tangu hapo mwenye kura nyingi kupita wengine amechaguliwa, hata kama walio wengi hawakumtaka. Serikali ilisema kwamba duru ya pili inagharimu feza nyingi na kuwasha moto kati ya makabila. Wapinzani walisema kwamba sheria imekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka ule Kabila alitangazwa mshindi kwa 48,95 kwa mia, Étienne Tshisekedi akiwa na 32,33, na Kamerhe wa tatu na 7,74. Hesabu hizo zilikataliwa na wengi, na Kardinali Monsengwo wa Kinshasa alisema mbele ya watu kwamba hazilingani na ukweli wala na haki. Lakini hata tukizichukua kama zilivyo, mtu anaona: hazifiki nusu. Kwa sheria ya 2006 wananchi wangerudi kupiga kura.

Hapo ndipo tunaweka mkazo. Duru ya kwanza haikupotea mwaka wa 2011. Ilihama. Kazi ya kuwapunguza makandida, iliyokuwa ya wananchi katika vyumba vya shule, ilihamia katika hoteli, nayo ikawa kazi ya wakubwa wachache wasio na mizani yoyote mbele yao. Kila mmoja alijipima nyumbani kwake, akajiona mzito kuliko jirani. Mwaka wa 2011 Tshisekedi mzee na Kamerhe hawakuweza kupatana hata kidogo, na sababu si ngumu: mmoja alisema, mimi ni baba wa mapambano tangu wakati wa Mobutu, mwingine alisema, mimi nina Mashariki. Hakuna aliyeweza kuonyesha kura.

Wazee wa Bukavu wana ukumbusho wa mambo ya namna hii, wa zamani zaidi. Mwezi wa Agosti 1958 kilizaliwa katika mji wetu chama cha CEREA, mmoja wa vyama vya kwanza vya Kivu. Anicet Kashamura alikuwa kati ya viongozi wake, na Jean-Chrysostome Weregemere, na Marcel Bisukiro. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CEREA ilipata viti 10 katika Bunge la watu 137, jambo kubwa kwa chama kisichotimiza miaka miwili. Lakini mwaka ule ule kilikuwa kimegawanyika katika mikono, kila mkono ukifuata jina la mkubwa wake, kila mmoja ukisema kwamba ndio chama cha kweli. Hakukuwa na baraza ambalo wote walilikubali, la kuamua nani anasema kwa jina la chama. Mwisho wa 1960 askari wa Stanleyville walikuja Bukavu wakamshika Jean Miruho, prezida wa jimbo aliyetoka katika chama hicho, kisha Kashamura akaja kushika uongozi. Hatusemi kwamba bunduki zilitokana na ugomvi wa chama tu. Mambo ya Lumumba na Mobutu yalikuwa yameshika inchi nzima. Lakini chama kisicho na namna ya kumaliza ugomvi wake ndani huwapa wengine nafasi ya kuumaliza kutoka nje.

Turudi sasa kwa mwaka wa 2018. Mamlaka ya Kabila, ya mara ya pili na ya mwisho, yalimalizika Desemba 2016 bila uchaguzi. Maaskofu wetu wa CENCO waliwakusanya wote, na tarehe 31 Desemba 2016 yakapatikana mapatano yanayoitwa ya Mtakatifu Sylvestre. Yaliahidi uchaguzi kabla ya mwisho wa 2017. Ulifika mwisho wa 2018. Katikati ya wakati huo, mwezi wa Februari 2017, Étienne Tshisekedi alikufa Bruxelles, na umoja wa upinzani alioushikilia kwa jina lake ukavunjika mara moja, kwa sababu haukuwa na kanuni ya kumpata mrithi.

Mwezi wa Machi 2018 chama cha UDPS kilifanya kongresi Kinshasa. Kongresi hiyo ilimchagua Félix, mwana wa marehemu, kuwa prezida wa chama, ikamfanya na kandida wake wa uchaguzi. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Upande wa serikali mambo yalikuwa mepesi. Tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho ya kupeleka majina, Kabila alimtaja Emmanuel Ramazani Shadary, na wote wa umoja wake wa FCC wakapiga makofi. Makandida wa ndani ya umoja huo hawakupigiwa kura na mtu. Ni njia fupi, haina kelele, na wengine huisifu kwa sababu hiyo. Sisi tunaona kwamba ukimya si alama ya makubaliano sikuzote.

Upande wa wapinzani, Bemba alikataliwa na Tume ya uchaguzi, CENI, na baadaye na Mahakama ya Katiba, kwa sababu ya hukumu ya La Haye juu ya kuwahonga mashahidi. Adolphe Muzito alikataliwa vilevile. Moïse Katumbi hakuweza hata kuingia inchini. Alizuiliwa mpakani Kasumbalesa mwanzo wa Agosti. Kwa hiyo walipokutana Genève, wakisaidiwa na Shirika la Kofi Annan, watu saba walikaa mezani, lakini wanne tu waliweza kusimama: Tshisekedi, Kamerhe, Fayulu na Freddy Matungulu. Watatu waliofungiwa mlango walikuwa wapiga kura bila kuwa makandida.

Mtu akitazama vizuri ataona kwamba kanuni hii peke yake ilikuwa imekwisha kutoa nusu ya jibu. Kila mkubwa alikuwa na uzito sawa na wengine, awe na chama kikubwa au kidogo. Aliyefungiwa mlango alitaka nini? Alitaka mtu atakayeufungua. Na kweli, yule aliyechaguliwa alipaswa kuahidi kwamba atakaa miaka miwili tu, atengeneze mambo, kisha aitishe uchaguzi mwingine ambamo wote wataweza kusimama. Mtu mwenye chama kikubwa na watu wengi nyuma yake ni vigumu kuamini kwamba ataondoka baada ya miaka miwili. Mtu asiye na jeshi kubwa la wafuasi anaaminika zaidi. Fayulu, mbunge wa Kinshasa, kiongozi wa chama kidogo cha ECiDé, alijulikana kuwa mtu mgumu asiyeuza msimamo wake, lakini hakuwa na vyumba vya chama katika kila mji. Alishinda. Wengi walishangaa. Sisi tunaona kwamba kanuni ilifanya kazi yake tu.

Habari zilipofika Kinshasa, wafuasi wa UDPS walitoka barabarani Limete, kwenye makao makuu ya chama. Katibu mkuu wao, Jean-Marc Kabund, alimtaka prezida wake aondoe mkono wake. Tarehe 12 Novemba Tshisekedi akauondoa, akisema kwamba watu wa chini wamekataa. Siku ile ile Kamerhe akafanya vivyo hivyo.

Hapa watu wamegawanyika, na wanafunzi wa seminari pia hugawanyika wakizungumza jambo hili. Wengine husema: mtu mzima, mkubwa wa chama, ametia mkono mbele ya mashahidi wa dunia, neno ni neno. Wengine husema: kongresi ndiyo iliyompa ukandida, hawezi kuutoa kama mali yake bila kongresi. Tunakiri kwamba neno la pili lina nguvu. Aliyetumwa hawezi kuuza shamba la aliyemtuma. Kama kongresi ya Machi ilimpa Félix kazi ya kusimama, nani alimpa ruhusa ya kutosimama? Lakini neno hilo lilikuwa la kusemwa tarehe 10 Novemba, kabla ya kupiga kura, si tarehe 12, baada ya kushindwa. Yeye alijua alipopanda ndege kwamba ana watu nyuma yake. Kama angalishinda Genève, tunadhani hakuna ambaye angaliuliza kama kongresi za vyama vingine sita zilikubali.

Wasomaji wetu waliosoma sheria za Eklezia wataruhusu tukumbushe mambo mawili. Kanuni ya 119 ya Sheria ya Eklezia ya 1983, inayohusu namna ya kuchagua katika makundi, inadai zaidi ya nusu ya wale waliohudhuria. Kama haipatikani mara mbili, kura inarudishwa kati ya wawili walio mbele. Kanuni hiyo hiyo inaongeza kwamba jambo linalogusa kila mmoja lazima likubaliwe na wote. Na kanuni ya 172, kifungu cha pili, inasema kwamba sharti lolote lililofungwa kwenye kura kabla ya uchaguzi linahesabiwa kama halikuwekwa. Eklezia haikufika hapo bila kuumia. Mwaka wa 1352, huko Avignon, makardinali waliapishana kabla ya kumchagua Papa kwamba atakayechaguliwa atawapa hiki na kile. Inosenti wa VI, mmoja wao, alipokwisha kuchaguliwa alitangaza mwaka wa 1353 kwamba kiapo kile ni bure. Tangu hapo viapo vile vilirudiwa mara nyingi na kuvunjwa karibu mara zote, mpaka sheria za konklave zikavikataza kabisa. Hatusemi kwamba Jamhuri ni Eklezia. Chama cha politiki kinaishi kwa mapatano, na ni haki yake. Tunasema tu kwamba ahadi inayomfunga mteule wa kesho, bila hakimu wa kuisimamia, imejaribiwa na watu watakatifu na wasio watakatifu, na matokeo yake yanajulikana.

Karatasi ya Nairobi ilikuwa na udhaifu mwingine, mkubwa kuliko ule wa Genève. Ile ya Genève iligawa ukandida, kitu ambacho wakubwa walikuwa nacho kidogo mkononi. Ile ya Nairobi iligawa vitu ambavyo hawakuwa navyo. Katiba yetu haina makamu wa Prezida anayechaguliwa pamoja naye, kama ilivyo Kenya au Marekani. Watu wawili hawawezi kusimama kwenye karatasi moja ya kura. Ndiyo sababu Tshisekedi alimwahidi Kamerhe kiti cha Waziri wa kwanza. Lakini kifungu cha 78 kinasema kwamba Waziri wa kwanza anatoka katika wingi wa Bunge. Wingi wa Bunge haugawiwi na watu wawili hotelini. Na ahadi ya 2023 ilitegemea Prezida aliye kitini akubali kutosimama tena, wakati Katiba yenyewe inamruhusu mara mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria angaliyaona hayo. Wenyewe pia waliyaona, bila shaka. Kila mmoja alifikiri kwamba mwenzake ndiye atakayelazimika.

Mji wa Nairobi, tuseme kwa kupita, unazijua karatasi za namna hii. Mwaka wa 2017 Raila Odinga na Kalonzo Musyoka walifanya mapatano katika umoja wa NASA, na baadaye Kalonzo alishika kwamba aliahidiwa kuungwa mkono mwaka wa 2022. Mwaka wa 2022 ulipofika, alipelekwa mbele ya kamati ya kuchunguza nani afae kuwa mwenzi wa Raila, kisha Raila akamchagua Martha Karua tarehe 16 Mei. Kalonzo akaondoka kwa hasira, akarudi mwanzo wa Juni. Hata Tanzania, ambako chama cha CCM kina vikao vya kuchuja na wajumbe wa kila mkoa, ugomvi haukukosa: Januari 2025 mkutano mkuu wa Dodoma ulimpitisha Prezida Samia Suluhu Hassan mapema, na wanachama kadhaa, kati yao Humphrey Polepole, walisema kwamba taratibu za chama hazikufuatwa. Lakini msomaji aone tofauti. Huko watu walibishana kama kanuni imefuatwa. Sisi tulibishana bila kuwa na kanuni ya kufungua na kusoma.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. CENI ilimtangaza Tshisekedi kwa 38,57 kwa mia, Fayulu 34,83, Shadary 23,84. CENCO, iliyokuwa na watazamaji karibu 40.000 katika inchi nzima, ilisema kwamba matokeo yale hayalingani na yale yaliyokusanywa na watazamaji wake. Fayulu alikwenda mbele ya Mahakama ya Katiba. Tarehe 20 Januari 2019 ilimkatalia, na tarehe 24 Tshisekedi akaapa. Juu ya hayo mengi yameandikwa, hatutayarudia hapa. Kwa shabaha yetu inatosha kutazama wingi wa Bunge: uliangukia FCC ya Kabila, kwa hiyo Waziri wa kwanza alikuwa Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Kamerhe alipewa kuongoza ofisi ya Prezida. Kipande cha kwanza cha mapatano ya Nairobi kilikuwa kimekwisha.

Cha pili kilifuata kwa njia ambayo hakuna aliyeiandika. Aprili 2020 Kamerhe alikamatwa katika kesi ya feza za mpango wa siku 100. Juni alihukumiwa miaka 20. Mwaka wa 2021 ikapunguzwa kuwa 13. Juni 2022 mahakama ya Kinshasa-Gombe ikamwachilia kabisa, bila kosa. Hatuwezi kuihukumu kesi baada ya waamuzi. Huku Bukavu wengi waliitazama kama mwisho wa ahadi, na mwaka wa 2023, Kamerhe alipokuwa tayari naibu wa Waziri wa kwanza na waziri wa uchumi, alimuunga mkono Tshisekedi kwa mara ya pili. Mwaka uliokuwa wake kwa karatasi, alimwombea mwingine kura.

Mwaka ule Bukavu ilikuwa na kandida mwingine. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018, alitangaza mwezi wa Oktoba 2023 kwamba atasimama. Novemba, wajumbe wake walikutana Pretoria, inchi ya Afrika ya Kusini, na wajumbe wa Katumbi, Fayulu, Matata Ponyo na Delly Sesanga, kutafuta tena kandida mmoja. Ilikuwa kama Genève nyingine, safari hii bila wakubwa wenyewe mezani. Watu wa Fayulu walikataa kutia mkono. Aliyekwisha kuchaguliwa mara moja na kuachwa kesho yake, tunafahamu kwa nini hakutaka kurudia. Matata na Sesanga walijiondoa kwa faida ya Katumbi. Mukwege alibaki peke yake. Desemba Tshisekedi alitangazwa kwa zaidi ya 73 kwa mia, Katumbi 18, Fayulu karibu 5, na daktari wetu hakupata hata 1 kwa mia. Kwa hesabu hizo umoja wao haungalitosha, na wanaosema kwamba Pretoria ndiyo iliyowapotezea ushindi wanasahau kujumlisha. Lakini kuna hasara isiyo ya hesabu. Watu waliompenda Mukwege hawakuulizwa na mtu kama abaki au ajiondoe. Hakuwa na chama cha zamani chenye mizizi, hakuna wajumbe waliokaa, hakuna kura iliyopigwa, si Kadutu, si Bagira, si Ibanda.

Sheria ya vyama vya politiki ya tarehe 15 Machi 2004 inadai kwamba chama kiendeshwe kwa demokrasi ndani yake. Haielezi namna ya kumchagua kandida wa kiti cha Prezida. Kila chama kimeachiwa kujitungia, na vingi vimejitungia kanuni yenye mstari mmoja: mwanzilishi ndiye kandida. Anayetaka kusimama anaombwa na CENI dhamana ya franka milioni 160, kama mwaka wa 2023, na katika chama ambamo mwanzilishi ndiye anayelipa, ni nani atakayemwambia kwamba kura zimemshinda?

Wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo kwa mji kama wetu, ambao Februari 2025 uliwaona wapiganaji wa M23 wakiingia, na ambao umezika watu wake tangu 1996. Hatufikiri hivyo. Wenye bunduki husema sikuzote kwamba uchaguzi ni mchezo wa wakubwa. Na kila karatasi inayotiwa mkono leo na kuachwa kesho huwapa mfano wa kutaja sokoni.

Septemba 2025 Kamerhe, aliyekuwa amechaguliwa prezida wa Bunge mwaka wa 2024, aliacha kiti hicho, wabunge wengi wakiwa wamekwisha kumwinukia. Uchaguzi unaofuata, kwa hesabu ya Katiba, ni wa 2028, na duru ya pili iliyofutwa mwaka wa 2011 haikurudishwa. Wajumbe wa vyama watapita tena katika parokia zetu, wataomba kusalimia watu baada ya Misa, na padri atawaambia, kama maaskofu walivyoagiza, kwamba altare si mahali pa kampeni. Nje, chini ya mti, katekista anaweza kuwauliza kwa heshima mambo matatu ambayo hayana chama: kongresi yenu ilikaa lini, wajumbe wa Kivu walikuwa wangapi, na mkigombana nani anaamua?